Gunia la mahindi na jiwe la jirani

Akiba haiozi, ndivyo tulivyofundishwa utotoni. Yangu iliwahi kuoza. Na mwaka mwingine haikuoza hata punje moja, gunia lilikuwa limejaa na kushonwa vizuri kwenye kona ya chumba, na bado tulilala na chai ya rangi.

Nimekaa Walukuba, hapa Jinja, Uganda, karibu umri wangu wote. Nyumba hizi zilijengwa na wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi, na wafanyakazi walitoka kila upande: Wasamia, Wajaluo, Wateso, Waacholi, Wanubi, Wakongo wachache. Ndiyo maana Kiswahili kikawa lugha ya bomba la maji na ya foleni ya choo. Baba alifanya kazi kiwanda cha nguo. Mimi ni fundi cherehani, cherehani ya miguu, na hilo la miguu lina maana huko mbele.

Habari ya akiba niliianza kwa mama yangu. Nilizaliwa 1967, kwa hiyo Idi Amin, rais wetu wa wakati ule, alipowapa Wahindi siku 90 kuondoka, mwaka 1972, nilikuwa mtoto wa kutumwa dukani. Sikuelewa siasa. Nilichoelewa ni kwamba natumwa na narudi mikono mitupu. Sukari ikapotea, na sisi tuko jirani na mashamba ya miwa ya Kakira! Sabuni ikapotea, tukafua kwa majani ya mpapai. Chumvi mama aliipima kwa kijiko cha chai, akaificha kwenye kibuyu nyuma ya sanduku la nguo. Vitu vilikuwepo, ila vilikuwa vya magendo, na magendo ilikuwa na bei yake. Waliogawiwa maduka tuliwaita mafutamingi, na mama hakuwa na mafuta mengi wala machache.

Kwa hiyo nilikua na somo moja kichwani: weka vile vinavyopotea kwanza. Chumvi, sabuni, viberiti. Hata leo watoto wangu hunicheka kwa chumvi iliyojaa chini ya kitanda. Machi 2020, hofu ya korona ilipoanza, bei ya chumvi iliporuka kwa siku chache na watu wakaanza kuigombania madukani, hawakunicheka. Lakini somo la mama lilikuwa la shida ya aina moja tu, shida ya duka tupu. Yangu ilikuja kwa mlango mwingine.

Kabla ya kufika huko niseme kuhusu ile iliyooza, maana nililia. Ilikuwa 2011. Mwaka huo bei zilipanda hadi mfumuko ukapita asilimia 30 kufikia Oktoba, na mimi nilipoona unga unapanda kila wiki, nikajikamua nikanunua gunia zima la mahindi, kilo 100, kutoka kwa mtu aliyelishusha kwenye lori moja kwa moja. Nililiweka sakafuni, kwenye saruji, limeegemea ukuta. Mahindi yalikuwa mabichi ndani, na mimi nilikuwa nimeyapima kwa macho. Baada ya wiki sita nilifungua, nikakutana na joto, yaani gunia lilikuwa na joto kama mgonjwa wa homa, na harufu ya ukungu. Chini yalishikana mabonge ya kijani. Yaliyobaki juu yalikuwa na wadudu wanaotembea. Mama mkwe alishauri tuyaoshe, tuyaanike, tuyasage. Nilikaribia kukubali. Leo najua sumu ya ukungu ule, aflatoksini, haitoki kwa kuosha wala kwa kupika, inakaa humo humo kwenye posho, yaani ugali wetu, na inakwenda kwenye ini. Machi 2021 Kenya ilifunga mpaka kwa mahindi yetu na ya Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, na kelele zilikuwa nyingi, biashara imeharibika, wamefanya makusudi. Mimi nilikaa kimya. Nilikuwa nimeliona gunia langu.

Mkulima mmoja sokoni alinifundisha kipimo cha chumvi, na sijanunua mahindi bila hicho tena. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, unatia mahindi robo na chumvi kavu kidogo, unafunga na kutikisa dakika chache. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji, mwambie muuzaji arudi kuyaanika. Ikianguka chini yote, nunua. Halafu kuna yale magunia ya matabaka matatu, mawili ya plastiki ndani na moja la kawaida nje. Unafunga tabaka moja moja kwa nguvu, hewa inakwisha, wadudu wanakufa bila dawa. Ni ghali kuliko gunia la kawaida, lakini mimi nimeshatumia moja misimu mitatu, naliangalia tu kama halijatoboka. Panya akilitoboa, basi, umerudi pale pale. Na chini naweka mbao.

Basi, Januari 2020 nilikuwa nimejipanga. Mahindi kilo 100, makavu. Maharagwe kilo 30. Gunia la mkaa. Chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia lita tano. Nilijiona waziri.

Nilihesabu watu saba: mimi, mzee wangu yaani mume wangu, mama yangu aliyepita miaka 80, binti yetu na watoto wake watatu. Shule zilifungwa Machi 20 kwa sababu ya korona, na hapo hesabu ikaanguka. Watoto watatu waliokuwa wakinywa uji na kula posho ya mchana shuleni sasa wako nyumbani kutwa, na mtoto aliye nyumbani kutwa anakula kila anapomwona mtu mzima amekaa. Hatukujua kwamba shule hazitafunguka kwa wote hadi Januari 2022. Kisha kijana wetu akaja kutoka Kampala na mkewe, siku moja kabla usafiri wa abiria kuzuiwa, begi moja mgongoni. Chumba cha kupanga huko wamekiacha na deni. Tukawa tisa. Huwezi kumwambia mwanao kwamba hukumhesabu.

Posho tuliyozoea kula ni ile nyeupe, nambari wani. Kilo mia ya mahindi haitoi kilo mia ya unga huo, pumba zinachukua sehemu kubwa na kuku wa watu wengine ndio wanaofaidi. Kwa watu tisa mlo mmoja ni karibu kilo mbili na nusu. Nilipopiga hesabu vizuri, kwa penseli, akiba yangu ya miezi mitatu ilikuwa ya wiki nne hivi, na hiyo ni kama tunakula posho mara moja kwa siku.

Tukapunguza. Asubuhi uji, mchana hakuna, jioni posho na maharagwe. Na hapo maharagwe yakanionyesha yalivyo. Maharagwe makavu yanataka saa tatu za moto, yakiwa ya zamani hata nne. Gunia la mkaa lililozoea kutufikisha mwezi na nusu liliisha katika wiki ya tatu. Nilikuwa na chakula cha kutosha na sikuwa na moto wa kukiivisha. Mkaa barabarani ulikuwa haba, na uliopatikana ulikuwa wa bei ya matusi.

Kisha ukaja ule mkasa wa kisiwa. Katikati ya Aprili ziwa lilikuwa linapanda, na kipande cha kisiwa kinachoelea, mafunjo na udongo wake, kikasukumwa na maji hadi kwenye bwawa la umeme hapa Jinja, kikaziba mitambo. Nchi nzima ikazimika. Sisi tunaokaa karibu na bwawa tukawa gizani kama mtu wa Moroto, mbali kabisa. Umeme ulirudi, lakini mashine ya kusaga iliyo karibu nasi iliungua mota ulipokuja kwa kishindo. Fundi yuko Iganga, na Iganga hakuna wa kumleta. Mashine nyingine ilikuwa ng'ambo ya mji. Bodaboda waliruhusiwa mizigo tu, na mmoja akataka silingi 10,000 kupeleka na kurudisha. Pesa zilikuwa kwenye simu, wakala wa mtaani amefunga banda, aliye mbele hana noti. Nimekaa na punje za mahindi zaidi ya kilo 60, na sina unga hata kikombe kimoja. Hiyo ndiyo siku ya chai ya rangi.

Jioni ile nilimsikia jirani yangu wa mlango wa pili anasaga. Mlio ule niliusikia mara ya mwisho kijijini kwa bibi, jiwe juu ya jiwe, *kwaru, kwaru*. Jirani huyu ni mama mtu mzima kutoka Teso, sote tunamwita Toto. Kwa Kiteso ni mama. Kwa Kiswahili wageni hushangaa kwa nini tunamwita bibi kizee mtoto mkubwa, na yeye hucheka kuliko wote. Kwa miaka yote nilikuwa nimemhurumia kimoyomoyo: mjane, chumba kimoja, hana friji, hana redio ya maana. Nilienda na beseni la mahindi na aibu.

Hakunipa hotuba. Alinusa mahindi, akasema, "Haya huwezi kuyasaga hivi hivi, utakufa." Akanifundisha kuyakaanga kwanza kwenye sufuria kavu hadi yapige rangi kidogo. Yakikaangwa yanavunjika kirahisi kwenye jiwe, na uji wake una utamu wa karanga. Kwa posho alichanganya na muhogo mkavu na mtama kidogo, ikatoka nyeusi, nzito, ya kwao. Watoto walikunja nyuso siku mbili. Siku ya tatu walikuwa wakigombania sufuria.

Chini ya kitanda cha Toto kulikuwa na kiroba cha amukeke. Hivi ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba msimu wa mavuno, vikaanikwa juani hadi vikalia kama mbao. Unaviloweka, unavichemsha, unatia karanga iliyosagwa. Havihitaji mashine, havihitaji umeme, na moto wake ni mdogo. Nimeishi na Wateso tangu nizaliwe na sijawahi kuuliza kwa nini wanakata viazi na kuvianika badala ya kuvila. Sisi watu wa mjini tulikuwa tunategemea matoke, na matoke hayasubiri mtu, wiki moja yameshaiva. Waganda nao wana mutere, ndizi na muhogo wa kukausha, lakini ni nani mjini aliyekuwa bado na mutere?

Yeye alikuwa hana chumvi. Hana sabuni. Nilimjazia kopo moja la chumvi, nikampa mche wa sabuni na viberiti, na kutoka hapo tukawa na jiko moja kwa milango miwili. Moto mmoja badala ya miwili. Sikulifanya kwa wema, nisijisifu, nililifanya kwa sababu ya mkaa.

Ni yeye pia aliyekuwa na kapu. Kapu kubwa, ndani limepangwa majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu. Maharagwe unaloweka usiku kucha, unamwaga maji yale, unachemsha kwa nguvu robo saa nzima. Hapo usifanye uvivu, hasa kwa yale mekundu, yasipochemka sana yanaumiza tumbo vibaya. Kisha sufuria na kifuniko chake unaitumbukiza ndani ya kapu, unafunika na kulemea, unaondoka. Baada ya saa nne au tano unakuta yameiva au yamebakiza moto kidogo. Mkaa uliokuwa unakwenda siku moja ukaenda siku mbili na zaidi. Vumbi la mkaa nalo hatukulitupa tena, tulilifinyanga na uji wa muhogo na udongo kidogo, vidonge kama vya maandazi, tukaanika. Havina moto mkali lakini vinakaa.

Kuna usiku mmoja siusemi mara nyingi. Mvua ilikuwa kubwa, nikaingiza sigiri, jiko la mkaa, ndani ili maharagwe yamalizikie humo, nikafunga dirisha kwa ajili ya baridi. Mjukuu wa mwisho akaanza kulalamika kichwa, kisha akanyamaza. Mimi mwenyewe nilijihisi mzito, nikadhani ni uchovu. Mzee alirudi kutoka uani, akafungua mlango, akapiga kelele. Tulimtoa mtoto nje kwenye mvua, akatapika, akapata nafuu. Sumu ya mkaa uliokolea haionekani wala hainuki. Tangu siku hiyo, mvua inyeshe mawe, sigiri inakaa barazani, na kama hakuna baraza tunakula mihogo ya jana ikiwa baridi.

Maji yalikuja kutusumbua Mei. Ziwa lilifika kiwango ambacho halikukifikia tangu 1964, na kule Masese nyumba na vyoo vya ufukweni vikaingia majini. Ukijua choo cha mtu kimo ziwani, huchoti tena bila kufikiri. Bomba letu halikukauka, ila lilikatika siku za kukatika, na siku hizo ndizo jerikeni hupanda bei. Nikaanza kuweka mbili za lita 20 zilizojazwa na kufungwa, ambazo hakuna ruhusa kuzigusa, nazibadilisha kila wiki mbili na kufulia yale ya zamani. Na kwa kuwa mkaa ni mali, maji ya kunywa ya watoto tuliyatia kwenye chupa za plastiki nyeupe zinazoona ndani, tukazilaza juu ya mabati kuanzia asubuhi, saa sita za jua kamili. Siku ya mawingu unaziacha siku mbili. Maji yenye tope hayafai kwa njia hiyo, lazima yachujwe kwanza kwa kitambaa.

Vidonge vya presha vya mama ndivyo vilivyonitia hofu kuliko njaa. Nilihesabu mahindi, nikahesabu sabuni, vidonge sikuhesabu. Vilibaki vinne. Kumpeleka mgonjwa kwa gari kulihitaji kibali, kwa hiyo mzee wangu alitembea kwenda na kurudi na karatasi ya kliniki mfukoni, na akapata vya wiki mbili tu kwa kuwa wengi walikuwa wamemtangulia. Siku hizi vikibaki vya mwezi mmoja ndipo tunapoenda kuchukua vingine, na karatasi ile ina nakala.

Kuhusu pesa nilikuwa nimeonywa na sikuonyeka. Siku ya uchaguzi wa Februari 2016 huduma za pesa za simu zilizimwa, nikakaa na salio ninaloliona na siwezi kulila. Januari 2021 intaneti ikakatwa siku tano. Safari hiyo nilikuwa na noti za elfu moja na elfu mbili ndani ya kopo la uzi, kati ya vifungo. Ndogo ndogo, kwa sababu mwenye noti ya elfu hamsini siku ya shida huacha chenji kwa muuzaji na hairudi. Na cherehani yangu ya miguu ilishona barakoa mwaka mzima wakati wenzangu wa cherehani za umeme wakingoja stima.

Siku hizi siweki gunia moja kubwa. Naweka mahindi kilo 50, unga uliokwisha sagwa kilo 20, na ule unga mweupe ndio wa kukaa, ule wa mahindi mazima una mafuta ya kiini na hugeuka uchungu upesi. Maharagwe hayazidi mwaka, yakikaa sana kwenye joto yanakuwa kokoto na yanakula mkaa wote. Tunakula ya zamani kwanza, wajukuu wananung'unika kwamba mapya yapo. Mukene mkavu, dagaa wetu wa ziwani, wa Masese kwenye debe lenye kifuniko. Karanga nachambua kwa mkono, iliyokunjamana au yenye doa naitupa, hata kuku sipi. Mkaa nanunua msimu wa kiangazi. Mei 2023 rais alipopiga marufuku mkaa wa biashara kutoka kaskazini na gunia likapaa, mimi nilikuwa na mawili uani.

Na nilinunua jiwe. Fundi wangu wa mashine aliniuliza nataka kulifanyia nini, nikamwambia ni la kuzuia mlango.

Toto alirudi kwao upande wa Soroti, magoti yalimchosha na ngazi za hapa. Mwaka jana alinitumia kiroba cha amukeke kwa basi. Nilipomimina kwenye ungo, katikati ya vipande likadondoka lile kopo nililompa Aprili 2020, limeoshwa, tupu. Nikalijaza chumvi hadi juu, nikalifunga kwa kaveera, mfuko wa plastiki, na uzi wa cherehani, nikamkabidhi dereva yule yule.